CUF haikuuza mechi, angalieni 1995 na 2010

Huku Mwanza ukitaja chama cha CUF (Civic United Front) kijiweni, iwe Kirumba au Buzuruga, utajibiwa mawili: ni chama cha Wapemba, au waliuza mechi, yaani waliwasaliti wafuasi wao, walipokubali kukaa serikalini na CCM kule Zanzibar.

La kwanza halihitaji muda mrefu. CUF ilizaliwa 1992 kwa kuunganisha kundi la Kamahuru la Zanzibar na Chama cha Wananchi cha James Mapalala huku bara, na mwenyekiti wa miaka mingi ni Prof. Lipumba, mchumi, mtu wa Tabora. Siasa zao za kiliberali, soko liwepo ila haki ya raia isiguswe, ndo ile kaulimbiu yao ya "Haki sawa kwa wote".

La kuuza mechi ndo linaniuma. Urais wa Zanzibar 1995, Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi kwa 50.2%, Maalim Seif wa CUF 49.8%. Jamani, hata nusu asilimia haifiki, halafu mmoja anabeba serikali yote na mwenzake mwenye karibu nusu ya wapiga kura anarudi nyumbani mikono mitupu! Kilichofuata tunakijua, CUF wakagoma kumtambua rais, wakasusia Baraza la Wawakilishi, muafaka wa CCM na CUF wa 1999 ukaishia kwenye makaratasi, uchaguzi wa 2000 nao ukaharibika, Januari 2001 watu wakauawa kwenye maandamano na wengine wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Sisi wa kanda ya ziwa tulizoea kupokea wakimbizi Ngara, safari hii wakimbizi walikuwa Watanzania.

Sasa njoo 2010. Shein wa CCM 50.1%, Seif 49.1%. Pengo ni asilimia moja tu, wagombea wa vyama vile vile, visiwa vile vile, ila Seif akakubali matokeo na watu wakalala majumbani kwao. Kilichobadilika ni kwamba yeye na Amani Karume, rais wa Zanzibar wakati huo, walishakutana Novemba 2009, kura ya maoni ya Julai 2010 kuhusu serikali ya pamoja ikapita kwa 66.4%, na katiba ya Zanzibar ikasema chama cha pili kinatoa Makamu wa Kwanza wa Rais na kugawana wizara. Mwaka huo sisi huku tulikuwa bize na Chadema kuchukua majimbo ya Nyamagana na Ilemela, hii ya visiwani ikatupita.

Wanaopinga wana hoja na siidharau. Ndani ya serikali ni ngumu kumkaba mwenzako, na 2015 matokeo ya Zanzibar yalipofutwa CUF wakasusia marudio, mpango ukalala baada ya awamu moja tu. Chama chenyewe kikapasuka, Lipumba alijiuzulu 2015 baada ya Lowassa, waziri mkuu wa zamani aliyetoka CCM, kupewa tiketi ya urais ya UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, mwaka uliofuata akarudi, kesi juu ya kesi mpaka 2019 Seif na watu wake wakahamia chama cha ACT-Wazalendo. Hayo ni maumivu ya kweli.

Ila kifungu cha serikali ya pamoja kilibaki kwenye katiba ya Zanzibar, na Desemba 2020 Seif aliapishwa tena kuwa Makamu wa Kwanza, safari hii kwa tiketi ya ACT, miezi michache kabla hajafariki. Hicho kitu bara hatuna. 2015 Lowassa alipata karibu 40% ya kura za urais, mamilioni ya watu, wengine majirani zetu hapa hapa Mwanza, na kwenye baraza la mawaziri hawakuwa na hata kiti kimoja.