Kariakoo saa 24: taa tumewasha, mteja je?

Tangu serikali izindue biashara ya saa 24 Kariakoo Februari 2025, kila nikipita Mtaa wa Kongo usiku najiuliza hivi hili jambo limefanikiwa au limefeli, na jibu linategemea nimepita saa ngapi. Saa mbili usiku utasema Dar yote imehamia pale, taa zinawaka rangi ya kitambaa unaiona vizuri kuliko mchana, spika ya chinga inarudia "elfu tano elfu tano" mpaka kichwa kinagonga. Rudi saa saba sasa. Utakuta paka, walinzi na vijana wa guta wanashusha mzigo.

Wanaosifia mpango huu nawaelewa kabisa. Kariakoo ya mchana ni mateso, jua la Dar utosini, mkokoteni unakugonga kisigino, kirikuu imeziba Mtaa wa Mchikichi na dereva wala hayumo ndani. Mtu anayefanya kazi Posta akitoka saa kumi na moja anataka afike anunue kiatu cha mtoto taratibu, siyo anasukumwa anaambiwa "dada tunafunga". Halafu kuna mteja wa jumla wa Lubumbashi, Zambia, Malawi, Komoro, huyu kila siku anayolala gesti ni hela inatoka, kwa hiyo akiweza kufungasha usiku alfajiri akaondoka na mzigo wake, ni faida kwake na kwa aliyemuuzia. Taa na kamera nazo siyo kitu kidogo, muulize mwanamke yeyote aliyewahi kutembea pale gizani na mkoba.

Lakini shangazi yangu ana fremu ya madera maeneo ya Mtaa wa Aggrey, na alijaribu. Wiki ya kwanza alikaa mpaka saa nane usiku siku tatu. Siku ya tatu kuanzia saa nne aliuza dera mbili, akalipa bodaboda ya binti wa dukani mpaka Mbagala, akamnunulia chipsi maana alikuwa na njaa, ukipiga hesabu hapo ni bora angelala. Yeye wala hakulaumu mtu, alisema tu jirani zake watatu walishafunga na mteja akiona mlango mmoja uko wazi kati ya kumi anaogopa kusogea. Hilo ndo tatizo, duka moja haliwezi kufungua usiku peke yake, mnafungua mtaa mzima au hamfungui.

Na mtaa mzima utafungua kwa ajili ya nani? Hapa ndipo mimi naona watu hawasemi ukweli. Kariakoo ya wazee wetu watu walikuwa wanalala pale, zile nyumba za Kiswahili zenye vyumba sita na uwani, baraza mbele, mama anakaanga mihogo, watoto wanacheza. Kuanzia miaka ya 90 nyumba zikavunjwa moja moja zikapanda ghorofa, chini fremu, juu stoo, na wenyeji wakachukua hela yao wakahamia pembeni ya mji. Ardhi imepanda thamani sawa, ila usiku hakuna anayeshuka ngazi kununua maziwa. Watu mnalinganisha na Forodhani Zanzibar, eti mbona bustani ilikarabatiwa ikafunguliwa 2009 na mpaka leo usiku inajaa? Forodhani watu wanafuata chakula, urojo na mishikaki, na nyuma yake Mji Mkongwe una watu wanaishi na hoteli za wageni, mtu anatoka na ndala. Kariakoo unamwambia atoke Gongo la Mboto saa sita usiku akanunue pazia.

Sasa kuna wanaosema tuwavute wateja usiku kwa matamasha ya mziki. Sipingi ngoma mimi, jengo la Simba liko Msimbazi pale na Yanga wako Jangwani karibu tu, zikishinda timu hizo hakuna anayehitaji kamati ya maandalizi, barabara inajaa yenyewe na wauza jezi wanatajirika siku moja. Ila aliyekuja kucheza mziki hanunui katoni la vyombo. Anayefaidika ni wa maji, wa mahindi na wa jezi, yaani machinga, watu walewale walioondolewa barabarani Oktoba 2021. Wenye maduka wengi walishangilia siku ile, njia imekuwa nyeupe. Baadaye wengine wakagundua kumbe nusu ya mzigo wao ulikuwa unatokea kwa hao machinga, wanachukua dukani asubuhi wanarudisha hesabu jioni. Taratibu machinga wakarudi na hakuna aliyeuliza sana.

Tena tusisahau Mei 2023, maduka yalifungwa mchana kweupe, mgomo, kisa kodi na usajili wa stoo mpaka Waziri Mkuu akaja kukaa na wafanyabiashara Mnazi Mmoja. Juni 2024 wakafunga tena. Siku hizo Kariakoo ilikuwa tupu na jua linawaka, taa haina msaada hapo. Na sasa Ubungo pale kwenye stendi ya zamani kimesimama kituo cha biashara chenye maduka zaidi ya 2,000, kwa hiyo mteja ana pa kwenda.

Ningepewa mimi hela ya jukwaa na mziki ningejenga vyoo kwanza, maana ukibanwa na haja Mtaa wa Kongo unaomba msaada kwa mtu mwenye fremu utadhani unaomba mkopo. Halafu mitaro. Halafu ningechagua mitaa miwili tu, siyo Kariakoo yote, Ijumaa na Jumamosi mpaka saa sita, mama ntilie wapewe katikati ya barabara meza na taa zao, na basi la kurudi Mbagala na Gongo la Mboto liwepo saa sita na nusu. Saa 24 ibaki ya mizigo, hiyo inafanya kazi tayari, wapagazi na wauza supu wa alfajiri walikuwepo kabla ya uzinduzi wowote.

Shangazi sa hivi anafunga saa mbili, wikiendi saa nne. Taa anazisifia lakini, anasema siku hizi anafunga kufuli bila kuwasha tochi ya simu.