Betri kubwa au betri nyepesi? Helikopta za rimoti katika hewa ya Nakuru

Helikopta ya umeme ya daraja la 450, yenye panga za sentimita 32 hivi, huundwa kutumia betri ya lithiamu polima ya seli 3: volti 11.1, miliampea-saa 2200. Lakini sisi tunaoirusha Nakuru, tukishika pesa kidogo tu, tunakimbilia betri ya 3000 tukitarajia kukaa hewani zaidi. Mimi mwenyewe nilikuwa upande huo kwa miaka. Nimehama, ingawa sioni kwamba waliobaki kule wamepotea.

Hoja yao kubwa ni kwamba betri isipande mlima mkali kila siku. Ukivuta ampea 40 kwa ghafla kutoka betri ya 2200, unaidai mara 18 ya ujazo wake. Ya 3000 unaidai mara 13 tu. Volti zake hazishuki sana, haichemki sana, na hukaa misimu mingi kabla ya kuchoka. Anayepinga hilo hajawahi kushika betri iliyotoka kufanya kazi kupita nguvu zake. Pia rubani anayejifunza akipotewa na mwelekeo anahitaji nguvu ya kumwokoa papo hapo, na betri inayozama volti haimpi.

Sasa tupige hesabu ya muda. Betri ya 2200 ina gramu kama 180, ya 3000 huzidi hiyo kwa gramu 70 hivi. Kwenye chombo cha gramu 800, hizo ni karibu asilimia 9. Kuelea tu mahali pamoja, nguvu inayotakiwa hupanda haraka kuliko uzito, kwa hiyo asilimia 9 ya uzito huwa kama asilimia 13 ya nguvu. Ukitumia asilimia 80 ya chaji, kama inavyopasa, na chombo kikila ampea 15, betri ndogo inakupa dakika 7. Kubwa, kwa ulaji huo uliopanda kwa asilimia 13, inakupa dakika 8 na nusu. Ujazo umeongezeka kwa zaidi ya theluthi moja, nawe umepata dakika moja na nusu.

Na hiyo ni hesabu ya kuelea kwa utulivu tu. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake, kwa makadirio, ina uzito wa asilimia 83 ya ile ya pwani. Panga zinakamata hewa nyepesi, hivyo lazima ziongezewe pembe au kasi. Wengi hubadilisha gia ndogo ya mota wakaweka yenye meno zaidi ili rota izunguke haraka, na bili ya mabadiliko hayo hulipwa na betri. Ile akiba ya nguvu ambayo ungeitumia kujinasua ukikosea, mwinuko umeshaimega. Kuongeza gramu 70 ni kuimega tena. Kuna pia mizani: betri hukaa puani, na nzito mno huvuta pua chini hata ukiirudisha nyuma hadi mwisho wa nafasi yake. Kwenye mashamba ya ngano ya Njoro, yaliyo juu zaidi ya mji, chombo kilekile kilinionyesha tofauti waziwazi kila nilipokitaka kipande haraka.

Kisumu nisingesema hivi kwa ukali huu. Mji uko mita 1,130 hivi, hewa ni nzito zaidi, na tatizo linalotangulia ni joto. Nyuzi 30 za mchana huanza kuichosha betri kabla haijapaa, na lithiamu polima ikipita nyuzi 60 inaharibika. Hapo betri kubwa isiyodaiwa sana ina haki yake, na rafiki yangu anayerusha kwenye tambarare za Ahero simlaumu kuichagua.

Namba ya C iliyoandikwa ubavuni, yaani mara ngapi ya ujazo wake betri inaweza kudaiwa, isitupumbaze pande zote mbili. Ni ahadi ya muuzaji, na mara nyingi imetiwa chumvi. Tumia chaja inayopima ukinzani wa ndani kwa miliohmu: seli ziwe na ukinzani mdogo na zikaribiane. Vilevile msiwafuate mafundi wanaounga seli kuukuu za laptopu. Zina umeme wa kutosha taa, lakini hazikuundwa kutoa ampea nyingi hivyo.

Nakuru, kwa pesa ya betri moja kubwa ningeongezea kidogo ninunue mbili za 2200. Moja ipumzike nyingine ikiruka. Chaji ya kasi ya kawaida huchukua kama saa moja, na stima ikipotea naunganisha chaja kwenye betri ya gari, maana pakiti moja ina wati-saa 24 tu. Najua uchungu wa kuziacha zimejaa: niliwahi kuacha moja kwa juma zima la mvua, nikaikuta imevimba kama mandazi. Siku hizi, nisiporuka kesho, kila seli naiacha kwenye volti 3.8, na ninazichajia ndani ya chungu cha udongo sakafuni, mbali na pazia, nikiwa chumbani humo humo.