Webuye: tuache kusema kiwanda "kitafunguliwa"

Wanasiasa wamekuwa wakiiahidi Webuye, mji wa magharibi mwa Kenya, jambo lilelile tangu mashine za kiwanda chake cha karatasi zinyamaze: kiwanda kitafunguliwa. Neno hilo ndilo linalotupotosha. Kinachofunguliwa ni duka. Kiwanda kinachogeuza mti kuwa karatasi hufufuliwa kiungo baada ya kiungo, na mtu asiyejua kilivyofanya kazi hatajua kwa nini mji mzima ulianguka nacho.

Tuanze na mahali penyewe. Mji ulipokuwa ukiitwa Broderick Falls, ulikuwa kituo cha reli iliyojengwa miaka ya 1920 kutoka Eldoret kuelekea Tororo, chini ya kilima cha Chetambe ambako Wabukusu walipigana na majeshi ya Waingereza mwaka 1895. Mto Nzoia unapita hapo na maji ya Cherangani na Mlima Elgon. Misonobari na misaipresi ya kulisha kiwanda ingepandwa Turbo, si mbali. Maji, reli na miti vilikutana, na mwaka 1969 Serikali ya Kenya, Orient Paper Mills ya India na IFC ya Benki ya Dunia wakaanzisha Pan African Paper Mills. Uzalishaji ulianza 1974. Viwanda vya kizazi kile vilikunywa lita 50,000 za maji, hata zaidi ya 100,000, kwa kila tani ya karatasi, kwa hiyo huwezi kuchukua kiwanda cha aina hiyo ukakipeleka popote penye umeme na barabara nzuri.

Gogo humenywa magome, likakatwa vibanzi vya urefu wa sentimita mbili hivi. Hapo pana kosa linaloonekana dogo: kibanzi kinene hubaki kibichi katikati, chembamba mno huiva kupita kiasi, na rojo, yaani nyuzi za mti zilizopikwa zikalainika, hutoka na vipande vigumu. Vibanzi hupikwa kwa saa kadhaa ndani ya mtungi wa shinikizo, nyuzijoto 160 hadi 170, katika maji yenye kostiki soda na sodiamu salfaidi. Dawa hizo huyeyusha lignini, ile gundi inayoshikanisha nyuzi za mti. Karibu nusu ya uzito wa mti huishia kwenye maji, kwa hiyo tani moja ya rojo hula tani mbili au zaidi za mbao kavu. Na mti si mti tu. Uzi wa msonobari hufika milimita 3 hivi na ndio unaoupa mfuko wa saruji nguvu. Wa mkaratusi ni milimita 1 tu. Anayesema tutajaza pengo la misonobari kwa mikaratusi anazungumzia karatasi nyingine kabisa.

Moyo wa kiwanda ni yale maji meusi yanayobaki baada ya kupika. Hutoka yakiwa na vitu vigumu asilimia 15 hivi, yakachemshwa hadi asilimia 65 au zaidi, kisha yakanyunyizwa ndani ya boila na kuchomwa. Lignini huwa kuni: hutoa mvuke wa kukausha karatasi na kuzungusha jenereta. Chumvi za zile dawa huyeyuka na kutiririka chini zikiwa nyekundu kwa moto, huchanganywa na maji na chokaa, na dawa ya kupikia hupatikana tena. Tope la chokaa nalo hurudishwa tanuri likawa chokaa upya. Kiwanda kinachotunzwa vizuri hurudisha zaidi ya asilimia 95 ya dawa zake.

Mzunguko huo ukivuja, gharama hupanda pande tatu kwa mpigo. Dawa mpya zinunuliwe kila siku, mafuta na umeme vinunuliwe kufidia mvuke uliopotea, na yale maji meusi yatafute njia ya mtoni. Ndiyo maana naamini madeni yaliyokisimamisha kiwanda mwaka 2009, likiwamo la umeme, hayasomeki vizuri kwenye vitabu vya hesabu pekee. Lazima yasomwe pamoja na hali ya boila.

Boila hiyo pia ni hatari. Bomba lake moja likitoboka na maji yakagusa zile chumvi zilizoyeyuka, hulipuka. Iliyolala miaka haiwashwi kabla unene wa mabomba yake kupimwa na shinikizo kujaribiwa. Kulala kwenyewe kuna taratibu zake: maji meusi yamwagwe na mabomba yasuuzwe, la sivyo yatagandia ndani kama jiwe, mitungi ya kukaushia ipulizwe hadi ikauke, roli za mashine ya karatasi zizungushwe mara kwa mara, vinginevyo bearingi huliwa mahali pamoja na mpira wa roli hupinda. Kiwanda kinachozimwa na deni huzimwa ghafla, hakipati maandalizi hayo. Kilipoamshwa kwa muda mfupi kikalala tena, kilizidi kuumia.

Mwaka 2016 kiliuzwa kwa Rai, kundi la kampuni za Kenya, kwa shilingi milioni 900, na ubishi wote ukawa juu ya bei. Nadhani tulikosea swali. Tungeuliza mnunuzi atafufua kipi: mtungi wa kupikia na boila, au mashine za karatasi pekee? Mashine za karatasi zinaweza kulishwa karatasi taka, na hiyo ni kazi halali na rahisi zaidi. Lakini haimlipi mpasuaji magogo wa Turbo wala dereva wa lori la mbao, na nyuzi hufupika kila zinaporudiwa, kwa hiyo rojo mpya lazima itoke mahali fulani.

Kisha kuna hesabu ya mto na hewa, ambayo wanaokumbuka ajira peke yake huiruka. Harufu ya yai viza inayotoka kiwandani hutokana na gesi za salfa ambazo pua huzinasa hata zikiwa chembe chache katika bilioni, kwa hiyo harufu si kipimo cha madhara. Kilichowauma wakazi ni mabati: salfa dayoksaidi ikikutana na umande hula zinki, na zinki ikiisha paa hupata kutu na kutoboka. Majitaka nayo yalihitaji mabwawa yenye mashine za kuingiza hewa ili bakteria waweze kuula uchafu. Tope likijaa, bwawa hubaki mfereji tu. Umeme ukikatika, bakteria hukosa hewa, na maji yanayofika kwa watu wa chini, Mumias hadi Budalang'i, huwa yameshaishiwa oksijeni.

Kwa hiyo ajaye na ahadi Webuye aulizwe boila ilipimwa lini, mabwawa yatazolewa tope na nani, na hekta ngapi za misonobari zimeshapandwa Turbo, mwaka gani. Msonobari wa rojo huchukua miaka 12 hadi 15 kukomaa. Mche unaotiwa ardhini leo utapita chaguzi mbili au tatu kabla ya kufika kwenye mtungi.