Kuti kavu la makocha wa soka vyuoni Marekani

Novemba ni mwezi mgumu kwa makocha wa soka wa vyuo vya Marekani. Orodha ya mashindano ya taifa ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, inapotangazwa, timu za wanaume zinazopata nafasi ni 48 tu, wakati Daraja la Kwanza, ngazi ya juu kabisa, lina timu zaidi ya 200. Kwa wanawake zinaingia 64, na nyuma yao zimebaki nyingi zaidi. Wachezaji walioachwa nje wanarudi kwenye vitabu kwa sababu mitihani ya Desemba iko mlangoni. Siku chache baadaye tovuti ya chuo inatoa taarifa ya aya mbili. Chuo kinamshukuru kocha kwa utumishi wake, kinamtakia heri, na kinaanza kumtafuta mrithi. Kibarua kimeota nyasi.

Je, msimu mmoja mbaya unatosha kumfukuza kocha wa chuo? Nimelitafakari swali hili kwa muda mrefu, na naona kwamba mara nyingi hautoshi. Lakini pia nimechoka na utetezi unaotolewa kila mwaka kana kwamba kocha ni mwalimu tu na matokeo si kazi yake. Pande zote mbili zina hoja ya kweli na hoja dhaifu, na zinafaa kuchambuliwa moja moja.

Tuanze na msimu wenyewe, kwa sababu msomaji aliyezoea ligi ya miezi tisa huenda asione ulivyo mfupi. Timu inaanza mwishoni mwa Agosti na kumaliza mechi za kawaida mwanzoni mwa Novemba. Kwa wiki hizo zinazofika kumi hivi, inacheza mechi zisizofika 20, mara nyingi mbili kwa wiki, huku wachezaji wakihudhuria masomo na kusafiri kwa basi au ndege. Tangu 2022 muda wa nyongeza umeondolewa kwenye mechi za kawaida, kwa hiyo mchezo ulioisha sare unabaki sare. Soka ni mchezo wa mabao machache. Mpira ukigonga mwamba mara tatu na kipa akiumia Septemba, timu nzuri inaweza kumaliza na rekodi ya kutia aibu. Kumhukumu mtu kwa mechi 17 za namna hiyo ni kumhukumu kwa ushahidi mwembamba sana.

Mfano ninaoupenda ni wa Chuo Kikuu cha Maryland mwaka 2018. Timu ya Sasho Cirovski iliingia msimu ule na kucheza mechi zake za mwanzo bila kupata bao hata moja. Angekuwepo mkurugenzi wa michezo mwenye haraka, Septemba ile ingemtosha. Desemba timu hiyohiyo ilitwaa ubingwa wa taifa, ikiwa imeshinda mechi zake zote tano za mtoano bila kuruhusu bao. Fainali waliifunga Akron 1-0 kwa penalti ya Amar Sejdic. Cirovski yupo Maryland tangu 1993, na msimu wake wa kwanza ulikuwa wa vipigo mfululizo. Ametwaa ubingwa 2005, 2008 na 2018. Mwaka 2023 timu yake ilikosa mashindano ya taifa, na chuo kikaendelea naye.

Mfano wa pili una nasaba na kwetu. Philip Mayaka, kijana wa Nairobi, alichezea chuo cha Clemson, South Carolina, na Januari 2021 akachaguliwa wa tatu na Colorado Rapids katika drafti ya MLS, ligi kuu ya soka ya Marekani, ambako klabu huchagua wachezaji wapya kwa zamu. Kocha aliyemlea pale ni Mike Noonan, aliyekabidhiwa timu mwaka 2010. Misimu yake ya mwanzo ilikuwa ya mateso, na Clemson haikurudi kwenye mashindano ya taifa hadi 2013. Mwaka 2015 alifika fainali akafungwa na Stanford 4-0. Ubingwa ukaja Desemba 2021, kisha tena 2023. Fikiria kama angefungashiwa virago baada ya msimu wa tatu, jambo ambalo lisingemshangaza mtu yeyote. Sidhani kwamba njia ya Mayaka ingekuwa ileile.

Hapa lakini ndipo watetezi wa subira wanapojikwaa. Tunamkumbuka Noonan kwa sababu subira ililipa. Makocha waliopewa miaka saba, wakaambulia nafasi ya tisa kila mwaka, wakaondoka kimyakimya, hakuna anayewaandikia makala. Ukihesabu waliofaulu peke yao, subira itaonekana dawa ya kila ugonjwa. Kwa hiyo kisa cha Clemson kinaonyesha tu kwamba mwanzo mbaya haufungi njia. Hakituambii ni makocha wangapi wenye mwanzo kama ule waliishia pazuri.

Utafiti unasaidia kidogo. Bas ter Weel alichunguza ligi ya Uholanzi kuanzia 1986 hadi 2004 akakuta kwamba kubadilisha kocha hakukuboresha matokeo. Timu inayomfukuza kocha inakuwa tayari imefika chini kabisa, na ingepanda hata kama asingeguswa. Karibu zaidi na mada yetu, mwaka 2013 Scott Adler, Michael Berry na David Doherty walichapisha uchunguzi wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo. Vyuo vyenye timu mbovu kabisa vilivyobadilisha kocha havikupata tofauti kubwa na vile vilivyomwacha. Vyuo vyenye timu za wastani vilivyobadilisha vilifanya vibaya zaidi kuliko wenzao waliovumilia. Ile haikuwa soka, na sitaki kuibebesha zaidi ya uwezo wake. Ila inatoa onyo: aliyemaliza katikati ya msimamo akitarajiwa juu ndiye kocha ambaye ni hatari zaidi kumgusa, na ndiye hasa anayefukuzwa kwa msimu wa kukatisha tamaa.

Sasa upande wa pili, na naomba usichukuliwe kijuujuu. Mchezaji wa chuo ana misimu minne. Klabu ya kulipwa inaweza kusema tunajenga kwa miaka mitano, kwa sababu klabu itakuwepo baada ya miaka mitano. Binti aliyeingia chuoni akiwa na miaka 18 hatakuwepo. Ukimpa kocha asiyeweza kazi mkataba wa miaka mitano na ukaamua kuuheshimu hadi siku ya mwisho, kuna kundi zima litakaloingia na kuhitimu chini yake bila kuonja kitu. Subira tunayoisifu kwa jina la kocha inalipwa kwa ujana wa watu wengine. Hoja hii ndiyo inayonisumbua zaidi, na sijaona mtetezi wa makocha aliyeijibu vizuri.

Upande huohuo kuna tatizo la usahaulifu. Mkurugenzi wa michezo wa chuo kikubwa anakesha akiiwaza futiboli ya Kimarekani na kikapu, kwa sababu ndizo zinazoleta fedha. Texas A&M ilipomfukuza Jimbo Fisher Novemba 2023, fidia ya kuvunja mkataba wake ilizidi dola milioni 75. Hakuna kocha wa soka wa chuo anayekaribia hata kivuli cha kiasi hicho. Udogo huo unafanya kazi kwa namna mbili zinazopingana. Kumfukuza kocha wa soka ni rahisi, kwa hiyo mwingine anatimuliwa asubuhi moja bila mtu kufikiri sana. Na kwa kuwa soka haimnyimi bosi usingizi, mwingine anakaa miaka 15 akizalisha timu za kawaida bila kuulizwa swali. Anayepaswa kuulizwa mapema haulizwi, na anayehitaji mwaka mmoja zaidi haupati. Kinachoamua ni kama bosi ametazama upande wake mwaka huo au la.

North Carolina ndiyo inayovuruga hesabu za kila mtu. Anson Dorrance aliifundisha timu ya wanawake kuanzia 1979 na kushinda ubingwa wa taifa mara 22, rekodi ambayo nina shaka kama itafikiwa. Lakini tangu 2012 kombe halikurudi, na mwaka 2022 alifungwa na UCLA fainali ambayo ilikuwa mkononi. Kwa kipimo chake mwenyewe, ile ilikuwa miaka mirefu ya ukame. Alistaafu Agosti 2024, msimu ukiwa karibu kuanza. Msaidizi wake wa miaka mingi, Damon Nahas, akakaimu, na Desemba timu ikaifunga Wake Forest 1-0 na kuwa bingwa. Wapenda mabadiliko watasema: mmeona? Alitoka, kombe likarudi. Nami nasema kikosi kile alikiacha yeye, na aliyekishika alikuwa mtu wa nyumbani aliyewajua wachezaji kwa majina na kwa majeraha. Benchi jipya kabisa lingeletwa Agosti ile, sina hakika kama wangefika popote.

Kuna mabadiliko mawili ya karibuni ambayo yamefanya hukumu kuwa ngumu zaidi. La kwanza ni uhamisho. Tangu Aprili 2024 mchezaji anaweza kuhama chuo zaidi ya mara moja na kucheza papo hapo, mradi masomo yake yawe sawa. Zamani kocha aliyerithi timu mbovu alikuwa na kisingizio halali: nipeni miaka minne nilete watoto wangu. Leo bosi anamjibu kwamba jirani amejenga kikosi kipya kwa kiangazi kimoja. Hata hivyo mlango uleule unamnyang'anya kocha alichokijenga, kwani chipukizi aliyemwandaa miaka miwili anaondoka pale tu anapoiva.

La pili ni fedha. Kwa miaka mingi timu ya wanaume ya Daraja la Kwanza iliruhusiwa ufadhili kamili wa masomo usiozidi wa watu 9.9, ugawanywe kwa wachezaji karibu 30. Wanawake walikuwa na 14. Makubaliano ya kesi ya House, ambayo wanamichezo waliishtaki NCAA kuhusu malipo, yaliyoidhinishwa na Jaji Claudia Wilken Juni 2025, yameondoa ukomo huo kwa vyuo vilivyojiunga nayo na badala yake yameweka ukomo wa kikosi, wachezaji 28. Vyuo hivyo pia vinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo wao moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza, na sehemu kubwa inakwenda kwenye futiboli na kikapu. Matokeo yake, kocha anayefadhili wachezaji wote 28 anakutana uwanjani na mwenzake mwenye ufadhili wa sita, halafu Novemba wote wawili wanapimwa kwa msimamo mmoja. Kabla sijamlaumu kocha yeyote sasa hivi, nauliza kwanza alipewa nini.

Makocha nao wasijifanye wahanga wa kila kitu. Rob Dow aliipa Vermont ubingwa Desemba 2024, chuo kidogo kilichoifunga Marshall 2-1 katika muda wa nyongeza, jambo la ajabu. Wiki chache baadaye alikuwa kocha wa Penn State. Simlaumu; kila mtu ana haki ya kupanda ngazi. Ila anayeondoka akishinda hawezi kushangaa sana akiondolewa akishindwa. Uaminifu wa miaka mingi unadaiwa pande zote mbili, na siku hizi upande wowote unaulipa kwa nadra.

Mimi ningetaka nini? Kwanza, msimu mmoja mbaya usimfukuze mtu, isipokuwa kuna makosa ya mwenendo, na makosa ya mwenendo yamfukuze hata bingwa. Pili, kuanzia msimu wa tatu maswali yawe makali kuliko yalivyo sasa, na yasiishie kwenye ushindi na vipigo. Je, timu inatengeneza nafasi kuliko wapinzani hata inapofungwa? Wachezaji wa mwaka wa pili wanabaki au wanakimbia? Wanahitimu? Mchezaji wa akiba amekua, au yupo palepale alipoingia? Mkurugenzi anayetazama mazoezi mara nne kwa mwaka anaweza kuyajibu haya bila mshauri wa kukodi. Asiyetazama kabisa hana msingi wa kufukuza wala wa kubakiza.

Ningependa pia tarehe iheshimiwe. Kocha akiondolewa Novemba, mrithi anaweza kupatikana kabla ya muhula wa Januari. Akiondolewa Mei au Juni, wachezaji wanabaki yatima kiangazi kizima, na wasaidizi wake, ambao wengi wanalipwa kidogo na hawana mkataba mrefu, wanapoteza ajira wakati nafasi kwingine zimeshajaa.

Na mwenye mzigo mzito zaidi siku hiyo ni kijana aliyetoka mbali. Tunao wengi waliopita njia hiyo. Handwalla Bwana, mzaliwa wa Mombasa aliyepitia maisha ya ukimbizi, alichezea Washington kabla ya Seattle Sounders. Yeye alikuwa ameshahamia Marekani na familia yake. Anayefika kwa viza ya mwanafunzi ana hali tofauti. Ni lazima abaki amesajiliwa masomo kamili, na bila kibali maalumu hawezi kufanya kibarua nje ya chuo kuziba pengo la ada. Vyuo vya ligi kubwa, tangu 2015, na vyuo vyote vya Daraja la Kwanza, tangu Agosti 2024, haviruhusiwi kumnyang'anya ufadhili kwa sababu ya kiwango cha mchezo, lakini kwingineko ufadhili mwingi ni wa mwaka mmoja mmoja. Kocha mpya anakuja na wachezaji wake, kikosi kina nafasi 28, na kocha aliyempigia mama yake simu na kumwahidi kwamba mtoto atakuwa salama hayupo tena ofisini. Ukienda kusaini, pamoja na kuuliza kuhusu mabweni na uwanja, muulize kocha mkataba wake unaisha mwaka gani, na ufadhili wako umeandikwa kwa miaka mingapi.