Ordonansi inafika kwa sekunde, dawa inachelewa wapi?

Yaya yangu, ndugu yangu mkubwa, anaishi Texas, Marekani. Mwezi uliopita alinipigia simu ikiwa hapa Lubumbashi, Kongo, ni saa sita za usiku, sauti imejaa hasira. Daktari wake alikuwa amemwandikia ordonansi, yaani cheti cha dawa, akamwambia asubuhi, "Nimeshatuma, nenda ukachukue." Kwenye farmasi kijana wa kaunta akatafuta katika kompyuta, akatafuta tena, akasema haoni kitu. Yaya akarudi nyumbani mikono mitupu, akapiga simu kliniki, akaachiwa muziki sikioni. Saa tatu baadaye ndipo ikajulikana kwamba ordonansi ilifika tangu asubuhi ileile, ila kwenye tawi lingine la farmasi hiyohiyo, kule mtaani alikohama miaka miwili iliyopita. "Kumbe ninyi na vikaratasi vyenu mnapata dawa mbele yetu," akaniambia.

Laiti angejua. Juma hilohilo nilikuwa nimepanga mstari katika farmasi moja ya Kamalondo. Mama aliyekuwa mbele yangu alishika simu yenye kioo kilichopasuka. Mume wake, aliyebaki hospitali na mtoto, alikuwa ameipiga picha ordonansi na kuituma kwa WhatsApp. Msichana wa farmasi akaikuza picha kwa vidole viwili, akainamisha simu ili taa isimwangaze machoni.

"Mama, hapa ni moja ao ni saba? Sioni muzuri."

"Miye sijue, dada. Docteur ndiye anajua."

Na pale chini ya karatasi, mahali docteur anapoandika namba yake ya simu, kidole gumba cha baba kilikuwa kimefunika tarakimu nne za mwisho. Wakampigia baba, simu yake imezima. Tukangoja.

Watu hawa wawili, yaya na yule mama, wana shida moja ingawa mmoja ana mfumo wa kisasa na mwingine ana picha. Katika visa vyote viwili maandishi yalisafiri upesi sana. Kilichokwama ni mambo mengine: nani anaamua ordonansi iende wapi, na kama anayeipokea anaweza kumuuliza aliyeiandika. Siku hizi kila mkutano wa afya hapa kwetu unazungumzia kuweka kila kitu kwenye kompyuta. Kabla hatujanunua mashine, tuangalie wenzetu wamekwama wapi, maana ordonansi za elektroniki si za aina moja.

Marekani ordonansi inasukumwa. Daktari anachagua kwenye kompyuta dawa, kipimo, idadi, na anachagua farmasi pia. Akitia saini, ujumbe unapita katika mtandao wa kati, mkubwa kuliko yote ukiwa Surescripts ulioanzishwa mwaka 2001, na unatua katika farmasi hiyo moja. Daktari anaona neno "imetumwa" na moyo wake unatulia. Lakini kwenye farmasi ujumbe umeingia tu katika foleni. Lazima mtu aulinganishe na faili la mgonjwa, na jina likipishana herufi moja au tarehe ya kuzaliwa ikikosewa, unabaki ukielea. Kisha bima inaulizwa. Bima inaweza kusema dawa hii hatuilipi mpaka daktari aeleze kwa nini si ile ya bei rahisi, na jibu la hapo huchukua siku kadhaa. Kisha mfamasia mwenyewe anakagua. Kisha ndiyo vidonge vinahesabiwa, kama vipo.

Kwa hiyo anayemwongoza mzazi aliye huko kwa simu, kama tunavyofanya wengi wetu, kazi yake inaanzia ndani ya chumba cha daktari. Kabla mgonjwa hajainuka kwenye kiti aulize: umeituma farmasi gani, ya barabara gani? Mifumo mingi huikumbuka farmasi ya zamani, na daktari mwenye haraka haibadilishi. Aulize pia jina la dawa na idadi yake, aandike. Asikimbilie kaunta dakika tano baada ya kutoka. Apige simu kwanza, na akiambiwa "hatuioni" aombe watafute kwa tarehe ya kuzaliwa, kisha aombe kliniki ihakikishe kwamba daktari alitia saini kweli, maana ordonansi nyingi "zilizopotea" zimelala tu zikingoja saini. Dawa ya kila mwezi, kama ya presha au sukari, iombwe upya ikiwa imebaki ya juma zima. Hayo yote hayagharimu senti, na hakuna hata moja linalohusu kasi ya intaneti.

Tatizo kubwa la kusukuma linaonekana farmasi ikikosa dawa. Ordonansi imefungwa pale. Kwa dawa zinazodhibitiwa sana, kama morfini, hadi mwaka 2023 sheria ya Marekani haikuruhusu farmasi kuipitisha ordonansi ya elektroniki ambayo haijahudumiwa kwa farmasi nyingine. Ilibidi kurudi kwa daktari aandike upya. Tangu Agosti mwaka huo inaruhusiwa, mara moja tu.

Kuna aina ya pili, ambayo mimi naipenda zaidi. Estonia, tangu mwaka 2010, daktari haitumi ordonansi farmasi yoyote. Anaiweka katika hazina ya taifa, na mgonjwa anaingia farmasi anayotaka, anaonyesha kitambulisho, na mfamasia anaivuta. Ujerumani wamelazimisha mfumo wa namna hiyo tangu 1 Januari 2024, kwa kadi ya bima. Uingereza wamechanganya: mgonjwa anaweza kuteua farmasi yake, lakini pia anaweza kupewa karatasi yenye alama za kusomwa na mashine, na farmasi iliyokosa dawa inaweza kuirudisha ordonansi kwenye hazina ili nyingine iivute. Tangu mwaka 2019, mgonjwa wa Finland anaweza kuvuka bahari na kuchukua dawa yake Estonia kwa ordonansi ileile. Wakati huo sisi tunavuka Kasumbalesa kwenda Zambia na kikaratasi cha Kifaransa, tukimtafsiria mfamasia kwa ishara.

Kwetu hili si jambo geni hata kidogo. Ni kama pesa ya kwenye simu. Ukifika kabini ya M-Pesa au Airtel Money ukakuta hawana pesa taslimu, hugombani na mtu. Unavuka barabara kwenda kabini nyingine, maana pesa iko kwako, haiko kwao. Sasa fikiria pesa yako ingekuwa imetumwa kabini moja tu ya Katuba na nyingine zote haziioni. Ndiyo ordonansi ya yaya.

Nalisema hili kwa sababu nimeona watu wakishangilia neno "elektroniki" bila kuuliza ordonansi itakaa mikononi mwa nani. Mgonjwa wa Lubumbashi ananunua dawa kwa njia mbili ambazo mfumo wa kusukuma utaziua. Ya kwanza, anazunguka. Anaonyesha ordonansi farmasi ya kwanza, anauliza bei, anasema "narudia", anakwenda ya pili, ya tatu, kisha anarudi kule kulikokuwa na bei nafuu. Karatasi ni mali yake, nayo inampa nguvu ya kukataa. Ordonansi ikitumwa moja kwa moja kwa farmasi iliyochaguliwa na daktari, nguvu hiyo inahama, na tusijifanye hatujui kwamba kuna madaktari na wenye farmasi waliokwisha kuelewana. Ya pili, anakata. "Nipe ya siku mbili kwanza, Ijumaa nitachukua nyingine." Mfamasia anaweka alama ya kalamu pembeni ya dawa iliyotoka, na karatasi inarudi mfukoni. Madaktari hawapendi kuusikia ukataji huu, hasa kwa antibayotiki, na wana haki. Lakini mfumo usiojua kuandika "ametoa sita kati ya ishirini na moja" utatupwa na wafamasia wenyewe ndani ya mwezi mmoja.

Hata hivyo, siwezi kuitetea karatasi kama yaya anavyodhani. Mwandiko ni balaa la kweli. Ile moja iliyofanana na saba mnaikumbuka. Kompyuta inaliondoa, ingawa inaleta kosa lake: majina mawili ya dawa yanayofuatana kwenye orodha, kidole kinateleza, na kosa linatoka limechapwa vizuri kiasi kwamba hakuna anayelitilia shaka. Kisha kuna picha ya WhatsApp, ambayo sasa ndiyo "ordonansi ya elektroniki" yetu bila mtu kuitangaza. Picha haina mwisho wa kutumika. Ordonansi moja ya tramadol, dawa kali ya maumivu, inaweza kuhudumiwa leo mtaa wetu wa Kenya, kesho Ruashi, keshokutwa Kampemba, na kila farmasi itaona ni mara ya kwanza. Hazina ya pamoja ingejua kwamba imekwisha kutolewa. Na picha haina siri: ugonjwa wa mtu unapita kwenye simu ya mjomba, ya mtoto wa jirani mwenye mega za intaneti, ya kijana wa pikipiki aliyetumwa kuchukua.

Wanaopinga mfumo wanataja umeme kwanza. Wana sababu; delestaji, ule mgawo wa umeme, tunaijua, na farmasi nyingi zinauza jioni kwa taa ya simu. Wangeweza kutaja pia nchi zenye umeme saa 24. Februari 2024 wadukuzi walivamia Change Healthcare, kampuni inayopitisha malipo ya bima ya afya Marekani, na farmasi nchi nzima zikashindwa kuuliza bima. Wagonjwa waliambiwa walipe bei kamili au wangoje. Julai mwaka huohuo, kosa la programu ya usalama ya CrowdStrike lilizima kompyuta dunia nzima, na madaktari wengi wa Uingereza wakarudia kuandika ordonansi kwa mkono. Walioweza kurudia kalamu siku ile ni wale ambao hawakuwa wameisahau. Sioni kwa nini mji wetu uanze bila karatasi wakati wao hawajaimaliza.

Kwa upande wa sheria mlango uko wazi. Ordonnance-loi namba 23/010 ya 13 Machi 2023, ile tunayoiita Code du numérique, sheria ya Kongo ya mambo ya kidijitali, inatambua maandishi na saini za elektroniki na kuweka kanuni za data za watu. (Kwa Kifaransa chetu amri ya rais na karatasi ya dawa vina jina moja, ordonnance, na zote mbili tumezizoea kuzisoma kwa shida.) Kinachokosekana ni utambulisho. Estonia inategemea kitambulisho cha taifa. Sisi tunatumia kadi ya mpiga kura, na mtoto mwenye malaria hapigi kura. Basi tusianzie kwenye kadi. Namba fupi inayochapwa juu ya karatasi na kutumwa pia kwa SMS ingetosha: farmasi yoyote yenye rezo, yaani mtandao, inaifungua na kuandika kilichotolewa, isiyo na rezo inasoma karatasi kama jana.

Kwa wafanyakazi wa makampuni, kama ya migodi, hata hilo halitapunguza kungoja. Kuchelewa kwao kunatokana na muhuri: kampuni inalipa, kwa hiyo farmasi ya mkataba haigusi kidonge kabla ya idhini, na mwenye muhuri ametoka kula. Yaya aliposikia hayo alisema ni bima ya Texas tupu, imevaa kofia ya mgodi. Hapo hakuna programu itakayosaidia kabla ya mtu kukubali kwamba dawa ya dharura itoke kwanza na muhuri ufuate.

Yule mama wa Kamalondo alingoja dakika arobaini. Baba alipata mahali pa kuchaji, akapiga picha nyingine, safari hii karatasi ikiwa juu ya meza, vidole mbali. Msichana akapiga namba iliyo chini, docteur akapokea mlio wa pili. Ilikuwa moja. Mazungumzo yote hayakufika nusu dakika.