Daktari aliyeuliza unga tunasaga wapi

Siku hiyo nilifika mapema, baridi ya Julai bado inauma, binti yangu nimemfunika kitenge mpaka masikioni. Nesi wa dirishani akaiangalia kadi, kisha akaniangalia mimi. "Mama, daktari huyu hayupo tena. Amehamishwa tangu mwezi uliopita. Pole." Faili likatafutwa mpaka likapatikana, na ndani yake kulikuwa na karatasi tatu. Miaka mitatu ya kumtibu mtoto mwenye mzio wa karanga ilikuwa imebaki karatasi tatu: uzito, joto, majina ya dawa. Yote mengine tuliyozungumza na daktari yule, alichokula mtoto lini, kilichomtokea baada ya dakika ngapi, kipi tulikijaribu na kipi tulikiahirisha, alikuwa ameyabeba kichwani na kuondoka nayo.

Simlaumu yeye. Mtumishi wa umma akipata barua ya uhamisho anafunga mizigo. Ninachokilalamikia ni kwamba mgonjwa wa kudumu anaachwa bila hata ukurasa mmoja wa makabidhiano. Mwalimu akihama shule anaacha maendeleo ya darasa yameandikwa. Kwa nini mtoto mwenye ugonjwa unaoweza kumuua ndani ya nusu saa aanze upya kila daktari wake anapopanda basi?

Nieleze tulikotoka. Alikuwa na miezi minane nilipomkorogea uji wa lishe kwa mara ya kwanza. Kila mama aliyepita kliniki anaujua unga huo: mahindi, ulezi, soya, mchele, karanga, kila nyumba na mchanganyiko wake. Alikunywa vijiko vitatu. Kabla sijaweka kikombe chini, vipele vikatoka kidevuni, vikapanda mashavuni, midomo ikavimba. Akatapika. Kisha kilio chake kikabadilika, kikawa kama cha mtu aliyekaukiwa sauti, na katikati ya kilio nikasikia anavuta pumzi kwa shida. Tunakaa Uyole, Mbeya. Bodaboda ilitufikisha kituo cha afya, na pale nesi mmoja, Mungu ambariki popote alipo, akamchoma sindano ya adrenalini, dawa ya dharura ya mzio mkali, pajani bila kusubiri aandikiwe na mtu. Baada ya dakika chache mwanangu akalia kilio chake cha kawaida, kile kikubwa cha kudai ziwa. Nilikaa sakafuni.

Nyumbani ilikuwa kazi kuwaeleza watu. Nikisema "aleji," mama mkwe wangu alikuwa anasikia neno la watu wa mjini, kitu cha kupita kama mafua. Siku nilipomwambia, "Mama, karanga ni mzio wake," akanyamaza kidogo, akauliza, "Kwa hiyo hata kuonja?" Nikasema hata kuonja. Tangu siku ile hajawahi kuunga mboga kwa karanga mtoto akiwa kwake. Wazee wanalijua neno mzio tangu zamani: ni chakula ambacho wewe, katika watu wote, hukili, kwa sababu kitakudhuru. Nawashauri wazazi walitumie neno hili kwa bibi na babu. Linafanya kazi kuliko maelezo marefu.

Sasa, kutafuta daktari mwingine. Nilianza kama ambavyo wengi tungeanza: nilitafuta mwenye cheo. Nilitaka bingwa wa mzio, niwe na mtu wa kumwambia "ndiye huyu." Ukweli ni kwamba mabingwa wa mzio nchini ni wachache mno, na huku kwetu mtoto wa namna hii hutibiwa na bingwa wa watoto, wakati mwingine wa ngozi, wakati mwingine wa masikio, pua na koo. Nikaelekezwa kliniki moja binafsi mjini ambayo walisema ina "kipimo cha aleji zote." Nikalipa. Daktari aliandika huku anatazama kompyuta, mtoto hakumgusa, na mimi aliniuliza swali moja tu, kama nina bima. Damu ikatolewa. Baada ya siku kadhaa nikapewa karatasi yenye vyakula kumi na vinne vilivyowekwa alama nyekundu. Maziwa, mayai, ngano, ndizi, maharage, samaki. "Acha vyote hivi," akaniambia.

Mwanangu alikuwa anakula yai karibu kila Jumapili, ndizi kila siku, na hakuwahi kuota hata kipele kimoja. Nilimwambia. Akasema mashine haidanganyi.

Nikamtii, na hilo linaniuma hadi leo. Hebu fikiria nyumba ya Mbeya isiyopika ndizi, isiyopika maharage, isiyo na maziwa wala mayai, ujiulize mtoto atakula nini. Alikula wali, viazi na mchicha, kisha wali, viazi na mchicha. Wiki ya tano nilimpeleka kupimwa uzito: kutoka kilo 15.8 alikuwa ameshuka hadi 14.9. Nikasimama mbele ya mzani ule nikajua kuwa mtoto anakonda kwa sababu ya karatasi.

Nilikuja kueleweshwa baadaye, na ningependa kila mzazi alielewe hili kabla hajatoa hela yake. Kipimo cha damu cha mzio, kile kinachotafuta kingamwili za IgE, yaani askari wa mwili wanaohusika na mzio, kinaonyesha kwamba mwili umekitambua chakula fulani. Hakithibitishi kwamba chakula hicho kitamdhuru mtoto. Wapo watoto wengi wenye majibu chanya ambao wanakula chakula hicho bila shida yoyote. Ndiyo maana historia inatangulia: alikula nini, kiasi gani, dakika ngapi zikapita, nini kikatokea, na je, alikirudia? Kipimo kinakuja kujibu swali ambalo historia imekwisha kuliuliza. Ni vivyo hivyo kwa kile cha ngozi, ambacho wanadondosha tone mkononi na kuchoma kidogo. Panapobaki shaka, jibu la uhakika ni kumlisha mtoto chakula chenyewe kidogo kidogo hospitalini, daktari na dawa vikiwa karibu. Na kuna vipimo vingine vinavyouzwa kwa jina la mzio wa chakula ambavyo vinapima IgG, aina nyingine ya kingamwili. Hivyo vinaonyesha tu kwamba mtu amewahi kula chakula hicho, na vyama vya madaktari wa mzio vimekwisha kusema visitumike kutambua mzio. Mzazi ukiletewa orodha ya vyakula kumi na vinne, uliza kwanza ni kipimo gani.

Ndugu zangu wakaniambia twende Dar. Toka hapa hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800, siku nzima ndani ya basi na mtoto ambaye huwezi kumnunulia chochote njiani, maana pale Makambako na Mafinga karanga zinapitishwa madirishani. Nasema hivi kwa sababu nimeona wazazi wakiuza mahindi ya msimu mzima kwa safari moja, wakarudi na majibu ya kipimo, halafu hakuna wa kuyafuatilia huku. Safari inaweza kuwa ya lazima, hasa kwa mtoto ambaye hali yake haieleweki. Ila iwe na swali moja maalumu, iwe na barua ya rufaa ya daktari wa huku atakayempokea mtoto akirudi, na uulize mapema kuhusu dawa: zile za kutuliza mzio, setirizini, piritoni na ndugu zao, lazima ziachwe siku kadhaa kabla ya kipimo cha ngozi, la sivyo kipimo hakisemi kitu na umesafiri bure.

Daktari tuliye naye sasa nilimpata kwa njia ya kawaida kabisa. Mama mmoja tunayesali naye, mwanawe ana pumu, aliniambia kuna bingwa wa watoto, mwanamke, hana haraka. Hana cheo cha mzio. Nilikwenda nikiwa nimejihami, karatasi yangu ya alama nyekundu mkononi.

Akaisoma, akaiweka pembeni, akasema, "Mama, nianzie mwanzo. Siku ile ya kwanza." Nikamweleza vijiko vitatu. Akauliza aliacha ziwa lini, kama ana pumu, kama ngozi inawasha usiku, nani mwingine kwenye ukoo. Kisha akauliza swali ambalo halikuwahi kuulizwa na mtu yeyote: "Unga wa ugali mnasaga wapi?"

Sikuelewa. Nikamtajia mashine ya karibu na kwetu. "Hapo wanasaga na lishe?"

Nilijisikia baridi mwilini. Mashine ile ninaijua vizuri. Unapanga foleni na sado lako la mahindi, aliye mbele yako amemwaga lishe yenye karanga, na unga wake wa mwisho unabaki ndani unasubiri mahindi yako. Mwaka mzima mwanangu alikuwa akipata vipele mdomoni siku moja moja baada ya ugali, na tulikuwa tunalaumu dagaa, tunalaumu sabuni, tunalaumu vumbi. Sasa tunasaga kwa mzee mmoja ambaye anakoboa na kusaga mahindi matupu. Ni mbali, nalipa bajaji. Vipele vile havijarudi.

Kwa hiyo hapa ndipo msimamo wangu ulipo. Ukitafuta daktari wa mtoto wako mwenye mzio, mpime kwa maswali yake. Anayejua kwamba huku mboga za majani huungwa karanga zilizosagwa, kwamba kashata zinauzwa geti la shule, kwamba uji wa asubuhi shuleni unaweza kuwa lishe, huyo ameshaanza kumkinga mwanao kabla hajaandika dawa. Vifaa vya Dar ninaviheshimu, lakini kifaa hakijui mashine yetu ya kusaga.

Alifanya jambo la pili ambalo sasa nalidai kwa daktari yeyote. Alichukua karatasi akaandika, kwa Kiswahili, nini kifanyike mtoto akila karanga kwa bahati mbaya. Vipele peke yake: dawa ya mzio ya kunywa, na mtoto aangaliwe. Akianza kukohoa, kupumua kwa mluzi, sauti kukwaruza, kutapika mfululizo au kulegea: adrenalini, msuli wa paja upande wa nje, miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, na kama hakuna nafuu baada ya dakika tano irudiwe. Asisimamishwe wala kutembezwa. Abaki hospitalini saa kadhaa hata akionekana mzima, kwa sababu hali inaweza kurudi. Piritoni haizuii koo kufunga. Wazazi wengi, nikiwemo mimi, tulikuwa tunaitegemea hiyo.

Katika nchi nyingine mzazi anatembea na sindano iliyokwisha kujazwa, ya kubonyeza tu pajani. Kila duka la dawa nililoulizia hapa mjini halina. Daktari akasema basi tuijue adrenalini iliko. Akanituma nipite zahanati ya karibu na nyumbani na ile ya karibu na shule, mtoto akiwa mzima, niulize. Nilijisikia aibu, lakini nilikwenda. Nesi wa zahanati ya kwanza alivuta trei ya dharura, akainua vichupa kimoja kimoja kwenye mwanga wa dirisha, akasoma tarehe, akasema, "Iliyopo imeisha muda mama, nitaagiza." Nilirudi baada ya wiki, ipo mpya. Kama kuna jambo moja utakalolifanya kesho baada ya kusoma hapa, nakuomba liwe hilo.

Mayai, maziwa, ndizi na maharage vilirudi mezani, kimoja baada ya kingine, na uzito umerudi. Kuhusu karanga ameniambia ukweli bila kunifariji: watoto wengi hupona mzio wa maziwa na mayai wanapokua, lakini wa karanga hupona takriban mmoja tu kati ya watano. Nina mdogo wake pia, wa miezi sita, na nilikuwa nimeapa hataonja karanga maishani. Daktari akanieleza utafiti uliofanyika London, ukachapishwa mwaka 2015: watoto 640 waliokuwa katika hatari, nusu wakapewa karanga tangu uchangani, nusu wakanyimwa, waliopewa walipata mzio kwa uchache mno kuliko walionyimwa. Huyu mdogo alionjeshwa karanga laini iliyolainishwa kwenye uji, kliniki, mbele ya daktari, nami nimeshika benchi kwa mikono miwili. Hakupata kitu. Sasa anakula kwa shangazi yake mara mbili kwa wiki, ananawishwa na kubadilishwa nguo kabla ya kurudi kwa dada yake.

Mara ya mwisho tulipokwenda nilibeba kaunta buku jipya. Nilikuwa na swali nililokuwa nikiliogopa, nikaliuliza nikiwa tayari mlangoni. "Daktari, na wewe ukihamishwa?"

Hakuniambia nisiwaze. Alinyoosha mkono akaomba lile daftari, akalifungua ukurasa wa kwanza, akaandika tarehe na uzito wa mtoto, akaniambia nikae, kisha akaendelea kuandika mpaka nesi akagonga mlango mara ya pili.