Kupunguza protini kwa watoto wa nguruwe: utumbo nao una fungu lake

Tangu Juni 2022, Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku oksidi ya zinki ya kiwango cha tiba (iliyokuwa ikitumika kuzuia kuhara) katika chakula cha mifugo, ushauri unaotolewa mno dhidi ya kuhara kwa watoto wa nguruwe walioachishwa ziwa ni huu: shusha protini ghafi (jumla ya protini ya chakula, inayokadiriwa kwa naitrojeni yake) kutoka asilimia 21 au 22 hadi 17 au 18, kisha ziba pengo kwa asidi amino (vijenzi vya protini) za kiwandani.

Ushauri huo una msingi. Tumbo la mtoto wa wiki 4 bado halina tindikali ya kutosha, na vinyweleo vya utumbo wake mwembamba, vinavyofyonza lishe, hufupika siku za mwanzo baada ya kuachishwa. Protini isiyomeng'enywa huteremka hadi utumbo mpana, bakteria huichachusha, na amonia pamoja na amini zinazotokea huudhi ukuta wa utumbo. Tena, kila asilimia moja ya protini ghafi inayopunguzwa hupunguza naitrojeni ya kinyesi na mkojo kwa takriban asilimia 8 hadi 10.

Tatizo ni hesabu inayouchukulia utumbo kama mlango tu wa kupitisha lishe kwenda kwenye nyama. Utumbo hula kwanza. Vipimo vya damu ya mshipa unaotoka utumboni kwenda ini, vilivyofanyika Houston, Marekani, miaka ya 1990, vilionyesha kwamba takriban asilimia 95 ya glutamati, mojawapo ya asidi amino, ya chakula huishia humo humo, nyingi ikiunguzwa kuwa nishati ya seli. Threonini nayo, asidi amino nyingine, karibu asilimia 60 haikufika kwenye damu hiyo kwa watoto waliolishwa maziwa. Sehemu kubwa huenda kwenye ute unaoukinga ukuta, na ute ukishatoka hauchukuliki tena kirahisi.

Kwa hiyo anayepunguza soya, chanzo cha protini ya chakula, na kurudisha asidi amino moja tu, laisini, anauacha utumbo bila kinga yake. Mtoto wa kilo 7 hadi 11 anahitaji laisini inayomeng'enyeka ya asilimia 1.35, yaani kilo 1.35 katika kilo 100 za chakula. Threonini ikiwa asilimia 62 ya laisini, ni gramu 840 hivi. Banda likiwa chafu, au chakula kikiwa na nyuzinyuzi nyingi, ningepandisha hadi asilimia 66, gramu 890. Methionini, triptofani na valini nazo zihesabiwe, maana ile iliyopungua kuliko zote ndiyo inayozuia ukuaji.

Mimi nasimama na protini ghafi ya asilimia 18. Chini ya 16 siiungi mkono kwa umri huu, hata laisini ikitimia: glutamati na glisini zilizokuwa ndani ya soya hazikurudishwa, na mwili huanza kuzivunja asidi amino muhimu (zile usizoweza kuzitengeneza wenyewe) ili kupata naitrojeni ya kuzitengeneza.

Uchanganyaji pia huharibu kazi. Laisini haidrokloridi ina laisini asilimia 78 tu, hivyo gramu 300 zinatoa 235 hivi. Changanya kwanza asidi amino zote na kilo 3 za unga wa mahindi, ndipo umwage kwenye rundo. Na usilishe mara moja kwa siku: asidi amino huru huingia kwenye damu mapema kuliko zile za soya, na zisipokutana kwa wakati mmoja huunguzwa, mkulima akiwa amelipia laisini iliyoishia kwenye mkojo.